Kabla Hujatoboa Ukuta wa Injini

Wanangu mnaofunga redio, amplifaya na skrini kwenye magari, kuanzia Githurai hadi Makongeni, naomba mnivumilie kwa mara nyingine. Najua mmekwisha kunisikia. Najua wapo wanaonong'ona kwamba guka, babu huyu, hana neno jingine. Kweli sina, na kulirudia kumenichosha, lakini magari hayaishi kuja hapa gerejini kwangu na waya mnene wa moto uliotoka kwenye betri, ukapenya bati tupu lililotobolewa kwa haraka, ukaingia chini ya zulia bila fyuzi hata moja njiani. Juu ya zulia hilo huketi watu. Ndiyo maana sijanyamaza.

Sina ugomvi na muziki wenu. Tangu Rais Mwai Kibaki aifungue Thika Road mpya, Novemba 2012, magari yameongezeka na ushindani umekuwa mkali. Abiria wa Ruiru anayesubiri gari la laini ya 145 na wa Thika anayesubiri la 237 wana magari ya kuchagua, na mwanafunzi wa chuo pale Juja atapanda lile linalomtikisa kifua. Mwenye gari analijua hilo, ndiyo sababu analipia wufa. Hiyo ni riziki yenu na ni halali. Ninachotaka tuzungumze ni ile hatua moja ambayo mteja haioni, haiulizi wala hailipii: pale waya wa betri unapovuka kutoka upande wa injini kuingia upande wa watu.

Shida huanzia kichwani. Mmezoea kuambiwa kwamba umeme wa gari ni volti 12, haurushi mtu, unaweza kushika tamino zote mbili kwa mikono mitupu na usihisi kitu. Ni kweli haurushi. Lakini kinachochoma gari ni ampea. Chukua amplifaya inayotoa wati 600 za kweli, si zile 3000 zilizoandikwa kwenye katoni. Amplifaya za daraja la AB hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, kwa hiyo ili itoe hizo 600 itavuta kama 1200. Gawanya kwa volti 13.8 za alteneta inayochaji, unapata ampea 87. Plagi ya pasi au ya birika nyumbani kwako ina fyuzi ya 13. Umepitisha chini ya miguu ya abiria umeme unaozidi wa plagi sita za nyumbani, tena kwa waya ulioufunga kwa tepu nyeusi.

Na hizo 87 ni za kazi halali. Siku waya huo ukigusa bodi, hesabu inabadilika. Bodi yote ya gari ni negativu. Betri ya gari dogo inaweza kutema ampea mia kadhaa kwa mkupuo, na zile kubwa za dizeli hupita 1000. Hakuna cha kuzizuia ila unene wa waya wenyewe. Waya unapata moto ndani ya sekunde chache, plastiki yake inayeyuka na kuwaka, na moto huo unajikuta katikati ya zulia, sponji na plastiki za dashibodi. Kuzima gari hakusaidii, maana waya huo haupiti kwenye swichi ya funguo. Ni mpaka mtu afungue boneti ang'oe tamino ya betri, na kufikia wakati huo pengine boneti lenyewe halishikiki.

Niliwahi kuwekewa mezani kipande cha waya kilichokatwa kutoka gari la abiria lililovutwa kwa kamba kutoka upande wa Witeithie. Lilikuwa limefuka moshi chini ya dashibodi, dereva akawahi kusimama, watu wakashuka, hakuna aliyeumia. Nilikigeuzageuza kipande kile kwenye mwanga wa mlango. Ngozi yake nyekundu ilikuwa nzima, inang'aa, kasoro sehemu moja isiyozidi upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo palikuwa na mfereji laini uliouzunguka waya, na chini yake nyuzi chache za shaba zilizokatika na kuungua ncha. Hakuna kisu kilichofanya kazi ile. Ni ukingo wa bati. Ukuta wa injini una unene wa milimita moja hivi, na ukitobolewa kwa drili, upande wa pili huacha meno. Injini inatikisika, bati linatikisika, waya nao unatikisika kwa kiasi chake, na kila mtikisiko ni msumeno unaopita mahali pale pale. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua mwaka, na aliyefunga amekwisha kula pesa zake na kuhamia gereji nyingine.

Kwa hiyo pana mambo mawili ambayo siyafanyii mjadala: raba kwenye tundu, na fyuzi kabla ya tundu.

Nianze na fyuzi, kwa kuwa hapo hata vijana werevu hupotea. Mtu anafungua katoni ya amplifaya, anaona fyuzi mbili ubavuni mwake, anaridhika. Zile zinailinda amplifaya. Waya wenyewe, urefu wake wote kutoka betri hadi nyuma ya gari, hauna mlinzi. Mwingine anaongeza fyuzi yake mwenyewe, vizuri kabisa, lakini anaiweka chini ya kiti kwa sababu ni rahisi kuifikia. Sasa fikiria waya umechubuka pale ukutani. Umeme unatoka betri, unafika kwenye mchubuko, unaingia kwenye bodi, unarudi betri. Fyuzi iliyoko chini ya kiti haikupitiwa na hata ampea moja. Itabaki nzima gari likiteketea.

Fyuzi ya waya inakaa kwenye betri. Kawaida ya kazi hii duniani ni isizidi sentimita 45 kutoka tamino. Wanaojifunza hapa kwangu huwaambia wapime shibiri moja, wakilazimika wafike mbili, wasivuke. Na ukubwa wake unaupima kwa waya, huupimi kwa tamaa ya amplifaya. Geji 8 ya shaba halisi, weka 50 au 60. Geji 4, weka 100, na ukiwa na uhakika wa shaba yako na urefu wake si mkubwa, hadi 150. Ikikatika usiweke kubwa zaidi, wala usiizungushie karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Imekatika kwa sababu. Itafute hiyo sababu.

Waya mwembamba nao usiudharau. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kusimamiwa Februari 2004, kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na gavana ya kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na tangu hapo hatujaacha kuingiza waya ndani: gavana, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya kioo cha mbele, taa za sakafuni, chaja za simu kwenye kila kiti. Waya wa kamera ukiuchukua moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, utaungua haraka kuliko ule mnene. Fyuzi ya ampea 5 inautosha, na bei yake haifiki ya chakula chako cha mchana.

Sasa njia yenyewe. Usishike drili. Chukua tochi, lala chali chini ya dashibodi, tazama. Kila gari lililotoka kiwandani limekwisha kupitisha waya zake ukutani, na kila zinapopita pana raba, ile mnayoiita grometi. Ile kubwa inayobeba furushi lote la waya mara nyingi ina chuchu ya ziada iliyozibwa ncha, iliyoachwa kwa kazi kama yako. Ikate ncha kwa kisu, paka waya wako sabuni, uuvute kwa waya mgumu wa kutundikia nguo. Usilitoboe furushi lenyewe kwa bisibisi. Nimeshapokea magari yasiyowaka kwa sababu bisibisi lilipita katikati ya waya za kompyuta ya injini, na kuutafuta mmoja uliokatika humo ni kazi ya siku nzima isiyolipwa na mtu. Magari mengi ya otomatiki yaliyouzwa pia kwa gia za mkono yana tundu la klachi lililozibwa kwa kizibo cha raba au cha bati. Pale panapopita kamba ya kufungulia boneti pana karaba kadogo; hako kanafaa waya mwembamba tu.

Gari linaweza pia kukuokoa na kazi yote hiyo. Prius nyingi zina betri zao za volti 12 nyuma kwenye buti, shibiri chache kutoka mahali unapotaka kuweka amplifaya. Alikuja kijana mwenye bidii sana aliyekuwa tayari kutoboa ukuta ili achukue umeme kwenye ile tamino ya kubusti iliyo chini ya boneti. Nikamwambia azunguke nyuma, ainue zulia la buti. Na kwenye magari hayo ya haibridi, waya wowote wa rangi ya machungwa uacheni kama ulivyo. Betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200, na hizo hurusha na huua.

HiAce ya abiria ina mambo yake. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mara nyingi waya wako hauvuki ukuta, unapanda kupitia sakafu. Huko chini kuna joto la eksozi, mawe ya barabara za mitaani kule Kihunguro na Kiganjo, na matope ya masika. Waya uliokaa uchi huko ni wa kuhesabiwa miezi. Uvishe bomba la plastiki lenye mikunjo, ufunge kwa klipu kwenye chasi, mbali na eksozi. Na nawasihi, msiufunge kwenye bomba la breki wala la mafuta, hata kama limekaa mahali pazuri na mkono umechoka. Waya ukipata moto ukiwa umekumbatia bomba la breki, umempa dereva moto na kumpokonya breki kwa pamoja.

Ikiwa umetafuta pote na hakuna njia ila kutoboa, basi toboa kama mtu anayejua kilicho upande wa pili. Ondoa tamino ya negativu kwanza. Subiri. Toyota huagiza sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na mifuko ya hewa, kwa kuwa mfumo ule hubaki na umeme wake kwa muda baada ya betri kutolewa. Waya zake zimevishwa rangi ya manjano ili kila fundi azitambue; ukiona manjano, hamisha mkono. Kisha chunguza pande zote mbili za ukuta. Upande wa injini kuna busta ya breki, mabomba ya eyakondishna, hosi za hita. Upande wa ndani kuna sanduku la fyuzi, kompyuta, shafti ya steringi. Tafuta kitu kimoja kinachoonekana pande zote, kama pale steringi inapopita, upime kutoka hapo huku na huku. Anza na tundu dogo la milimita 3, penyeza waya mgumu, nenda upande wa pili uone umetokea wapi. Hapo ndipo unapanua. Na ifunge ncha ya drili kwa tepu nene ikibakiza sentimita moja, isije ikazama ghafla na kutafuna kilicho nyuma.

Tundu likikamilika kazi ndiyo imeanza. Chukua tupa ya duara, sugua ukingo ndani na nje. Halafu nyofoa pamba kidogo uizungushe ukingoni mwote. Ikinasa hata uzi mmoja, bado. Rudia hadi ipite bila kushikwa. Paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke, maana bati lililochubuliwa na kuachwa hivyo litaliwa na kutu, na kutu hupanua tundu mpaka raba ilegee. Raba uichague kwa mfereji wake uendane na tundu, na shimo lake la kati liubane waya. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa na tepu si raba ya tundu. Kwa joto la injini, gundi ya tepu inalainika, tyubu inateleza, na bati linaanza kazi yake. Ziba kwa silikoni. Upande wa injini, uache waya ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua au ya kuosha injini yadondokee pale chini, yasiufuate waya hadi kwenye zulia.

Ndani, upitishe chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango, mbali na pedali. Angalia boliti za viti na reli zake. Kiti cha dereva kinasogezwa kila zamu inapobadilika, na reli hukata waya kama ukuta ulivyokata. Waya za sauti zipite upande mwingine wa gari, la sivyo spika zitalia na alteneta. Erthi iwe fupi, unene ule ule wa waya wa moto, ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Boliti ya mkanda wa usalama si mahali pa erthi. Ile imewekwa kushika mtu. Fyuzi ya betri uiweke mwisho kabisa, baada ya kila kitu kufungwa na kukaguliwa.

Kwa wale mnaofunga mabasi ya Isuzu NQR yanayopanda na kushuka barabara hii, kuna jambo linaloniuma zaidi. Yale ni ya volti 24: betri mbili za 12 zilizofuatana. Redio na amplifaya zenu ni za 12. Basi mnafanya nini? Mnachomeka waya katikati ya betri mbili, mnaiba 12 kutoka kwenye moja. Muziki unalia, mteja analipa, mnaondoka. Lakini alteneta haijui mlichofanya. Inachaji zote mbili kama kitu kimoja, kwa volti 28 hivi. Ile iliyonyonywa usiku kucha haijazwi hata siku moja, na mwenzake aliyekuwa amejaa anazidishiwa, anachemka, anakauka maji na kutoa hewa inayolipuka kwa cheche moja. Mwenye basi ananunua betri, anazilaani kuwa feki, ananunua nyingine. Kipunguza volti cha 24 kwenda 12, chenye ampea zinazotosha mzigo wenu, ndicho dawa. Kinaongeza gharama, naam. Mwambieni mteja kwa nini, muonyesheni betri zake. Na kwa kuwa bodi za mabasi hayo hujengwa hapa nchini kwa vyuma na mbao juu ya chasi, kingo za sakafu zake ni nene na kali kuliko za gari dogo. Raba ya kawaida ya bati jembamba haikai hapo. Weka kipande cha bomba gumu kilicholainishwa kingo pande zote mbili, uupitishe waya ndani yake, na bomba likazwe lisicheze.

Halafu kuna waya wenyewe. Siku hizi zile seti za katoni, zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na sasa hadi vibandani Ruiru, nyingi si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, umeijua. Shika uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Wa shaba utakuwa mwekundu na kubaki, wa alumini utajikunja na kukatika. Alumini hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba. Ikiwa huna lingine la kununua, basi nunua geji nene zaidi na fyuzi ndogo zaidi, usiifuate namba iliyochapwa kwenye ngozi. Wengine hawapunguzi shaba peke yake, huongeza unene wa plastiki ili waya uonekane geji 4 kumbe ndani ni 8. Kata ncha yake dukani kabla ya kulipa. Mwenye duka akikataa, toka.

Thika ni mji wa magari, wanangu. Kiwanda cha Leyland kilianzishwa hapa 1974, ndicho kilichokuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Desemba 2016 kilianza kuunganisha Polo Vivo za Volkswagen. Katika kazi ya kiwanda, waya huja zimefungwa furushi, zimevishwa bomba, raba zikiwa mahali pake, na anayezifunga husukuma raba mpaka mdomo wake ukae kotekote kwenye bati ndipo asogee hatua inayofuata. Hana akili kuwashinda. Mikono yenu naifahamu, naona mnavyopachika spika kwenye mbao na kupanga taa zikafuata ngoma ya muziki. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayekubaliwa kuruka hatua kwa sababu gari linasubiriwa.

Na ninyi mnasubiriwa, hilo nalielewa. Makanga amesimama juu ya kichwa chako, gari linatakiwa kwenye laini saa kumi na moja alfajiri, mwenye gari anapiga simu, na jirani yako wa gereji amekubali kufunga kwa nusu ya bei yako. Sasa raba na fyuzi na tupa zinaonekana kama anasa ya mzee. Sikuombi ugombane na mteja. Nakuomba, unapompa bei, utaje fyuzi ya betri na kazi ya tundu kama vitu viwili vinavyojitegemea, uvishike mkononi, umwonyeshe. Wengi watalipa wakielewa. Asiyetaka kulipia, mfungie redio ya kawaida inayotumia waya za kiwandani, umwachie amplifaya yake kwenye katoni. Utapoteza mteja mmoja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, walisema wahenga, lakini mama aliyepanda Githurai na mtoto mgongoni hakujichoma. Yeye alilipa nauli tu.

Wala msingoje ukaguzi ufanye kazi yenu. Mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ana breki za kupima, taa, tairi na usukani, na gari lililo mbele yake ni moja kati ya mengi ya siku hiyo. Kilichofunikwa chini ya zulia mnakijua ninyi mliokifunika.

Jambo la mwisho, na hili nataka lifanyike wiki hii. Kila mmoja wenu ana magari aliyoyafunga na anayakumbuka vizuri kuliko anavyokiri, pamoja na yale aliyoyamaliza usiku kwa haraka. Anzeni na ya abiria. Mpigieni dereva simu, mwambieni apitie gereji akitoka zamu, hamtamlipisha kutazama. Fungueni boneti, muufuate waya kwa kidole kutoka betri mpaka ukutani. Kama hakuna fyuzi, ng'oeni tamino ya waya huo hapo hapo, gari liende bila muziki mpaka ipatikane. Vuteni waya kidogo pale tunduni, mtazame ngozi yake kwa tochi pande zote mbili. Palipochubuka msifunge tepu. Badilisheni kipande chote. Asiye na tupa ya duara au raba za kutosha aje hapa kwangu achukue, atarudisha akipata.